Kenton: Fundi aende kazini au abaki nyumbani?

Amri ya kubaki majumbani iliyotolewa Uingereza mwezi Machi mwaka 2020 iliwaruhusu mafundi kuendelea kufanya kazi katika nyumba za watu. Ruhusa hiyo, hata hivyo, haikujibu swali lililokuwa likiulizwa katika mitaa kama Kenton, kaskazini magharibi mwa London: je, fundi aliyeruhusiwa kwenda kazini alipaswa kwenda?

Swali hilo lilikuwa zito Kenton kuliko mahali pengi. Hospitali ya Northwick Park, inayowahudumia wakaazi wa eneo hilo, iko jirani kabisa. Usiku wa tarehe 19 Machi 2020 hospitali hiyo ilitangaza hali ya hatari baada ya kuishiwa vitanda vya wagonjwa mahututi, na ikalazimika kuomba hospitali nyingine ziwapokee baadhi ya wagonjwa wake. Siku 4 baadaye, Jumatatu tarehe 23 Machi, Waziri Mkuu Boris Johnson alilihutubia taifa kwa njia ya televisheni na kuwaamuru wananchi wabaki majumbani mwao.

Sheria iliyoanza kutumika England tarehe 26 Machi ilitaja sababu ambazo zingemruhusu mtu kutoka nyumbani. Mojawapo ilikuwa kwenda kazini, iwapo kazi yenyewe haikuweza kufanyika nyumbani. Karani aliweza kuhamishia kompyuta yake mezani pa chakula. Fundi bomba hakuwa na namna ya kuziba bomba la mtu mwingine akiwa sebuleni kwake.

Ruhusa yenye masharti

Mwongozo wa serikali ulieleza kwamba kazi za ukarabati na matengenezo katika nyumba za watu zingeweza kuendelea, mradi fundi awe mzima na asiwe na dalili za ugonjwa, na akae umbali wa mita 2 kutoka kwa wenye nyumba.

Palikuwa na sharti jingine. Kazi isifanywe katika nyumba ambayo watu wake walikuwa wamejitenga kwa sababu ya ugonjwa, wala katika nyumba yenye mtu aliyekuwa akikingwa kwa sababu ya udhaifu wa afya yake, isipokuwa kuondoa hatari ya moja kwa moja kwa usalama wa kaya, na fundi mwenyewe awe ameridhia.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Serikali iliyokuwa imeamua ni duka gani lifungwe na ni mtu gani asiingie bustanini, ilipofika kwenye mlango wa nyumba ya mtu iliuacha uamuzi kwa watu wawili waliosimama pande mbili za mlango huo: mwenye nyumba na fundi. Hapakuwa na mkaguzi wala daktari kati yao, na mara nyingi wote wawili walikuwa na sababu ya kutaka kazi ifanyike.

Kauli zinazogongana

Mkanganyiko ulianza siku ya kwanza. Asubuhi ya tarehe 24 Machi picha za abiria waliosongamana katika treni za chini ya ardhi za London zilienea, na miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa ujenzi. Meya wa London, Sadiq Khan, alitaka kazi za ujenzi zisizo za lazima zisimame. Serikali ya Uingereza haikukubali, ikasema ujenzi uendelee pale ambapo wafanyakazi wangeweza kukaa mbalimbali.

Huko Scotland, Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon alichukua msimamo tofauti. Alitaka maeneo ya ujenzi yafungwe, isipokuwa kwa kazi muhimu kama vile za hospitali. Wales nayo, mwezi Aprili, iliugeuza umbali wa mita 2 kazini kuwa suala la kisheria badala ya ushauri tu.

Hivyo fundi rangi wa Glasgow na mwenzake wa Kenton, wenye ujuzi mmoja na wanaokabiliwa na virusi vilevile, walipewa majibu tofauti juma hilohilo. Tofauti hiyo haikutokana na sayansi, kwani pande zote zilikuwa na taarifa zinazofanana kuhusu namna ugonjwa unavyoenea. Ilitokana na jinsi kila serikali ilivyopima madhara ya ugonjwa dhidi ya madhara ya kusimamisha kazi.

Mtaa wa wajenzi

Kenton iko mpakani mwa manispaa mbili, Brent na Harrow, na barabara ya Kenton Road ndiyo inayozigawa. Nyumba zake nyingi ni za kati ya vita viwili vikuu vya dunia, nazo ni nyumba pacha zinazoshirikiana ukuta mmoja. Nyumba za umri huo hazikosi kazi ya fundi: mabomba huchakaa, paa huvuja, nyaya za umeme huhitaji kubadilishwa, na familia zinazoongezeka huongeza chumba nyuma au darini.

Eneo hilo lina uhusiano wa karibu na Afrika Mashariki. Familia nyingi za asili ya Kigujarati zinazoishi Kenton na vitongoji jirani zilifika Uingereza kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, au kutoka Uganda baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini mwezi Agosti mwaka 1972. Miongoni mwao wamo akina Patel wenye asili ya Kutch, jamii iliyojulikana Nairobi na Mombasa kwa uashi na ujenzi, na ambayo watu wake wengi waliendelea na kazi hiyohiyo London.

Kwa familia za aina hiyo, swali la fundi liliingia nyumbani kwa milango miwili. Mara nyingi babu, wazazi na wajukuu huishi chini ya paa moja. Mzee aliyevuka miaka 70 alikuwa ameshauriwa ajihadhari mno na kukutana na watu. Wengine walikuwa kati ya takriban watu milioni 1.5 wa England ambao mwezi Machi mfumo wa taifa wa afya ulianza kuwaandikia ukiwataka wasitoke kabisa kwa wiki 12, kwa kuwa maradhi waliyokuwa nayo yangefanya Covid-19 kuwa hatari sana kwao.

Kijana wa nyumba kama hiyo anayefanya kazi ya ujenzi hakuwa akiamua juu ya afya yake pekee. Akienda kazini, angeweza kumpelekea ugonjwa mzee wa nyumba aliyoingia. Akirudi jioni, angeweza kumletea mzee wa nyumbani kwake. Na asipokwenda, huenda ndiye aliyekuwa akiilipia nyumba hiyo kodi au mkopo wa benki.

Dharura ni nini?

Mjadala mwingi uliohusu mafundi uliegemea neno moja: dharura. Katika ncha mbili za neno hilo hapakuwa na ubishi. Gesi inayovuja, bomba lililopasuka, umeme unaotoa cheche au mlango wa mbele usiofungika ni mambo yasiyoweza kungoja. Jiko jipya, vigae vya bafuni na rangi ya sebule ni mambo yanayoweza kungoja.

Tatizo lilikuwa katikati. Mwezi Machi London bado kuna baridi, na nyumba iliyokosa mtambo wa kupasha maji moto ni hatari kwa mzee mwenye matatizo ya mapafu, yuleyule ambaye fundi alikatazwa kumkaribia. Mashine ya kufulia ikiharibika katika nyumba yenye mgonjwa, ni dharura au ni usumbufu tu? Na zilikuwapo nyumba ambazo amri ilizikuta ukuta wa nyuma umekwisha kubomolewa, au paa limefunuliwa na kufunikwa kwa turubai. Kusimamisha kazi hapo ilikuwa ni kuiacha familia ikae wazi kwa mvua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Matengenezo madogo yanayoahirishwa kwa wiki 2 huenda yasilete madhara. Yakiahirishwa kwa miezi 3, unyevu huingia ukutani, maji huharibu dari, na kazi ya saa moja hugeuka dharura ya kweli. Kwa maana hiyo dharura ni suala la muda pia, na mwezi Machi 2020 hapakuwa na aliyeweza kusema kwa yakini amri ingedumu hadi lini.

Serikali yenyewe ilionyesha ugumu wa kuchora mstari. Wenye magari ambayo muda wa ukaguzi wa kila mwaka ulikuwa umewadia waliongezewa miezi 6 kuanzia tarehe 30 Machi. Lakini wajibu wa wenye nyumba za kupangisha kuhakikisha vifaa vya gesi vinakaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa haukuondolewa. Maduka ya vifaa vya ujenzi nayo yaliwekwa katika orodha ya maduka yaliyoruhusiwa kubaki wazi. Sera hiyo ilikubali, bila ya kusema waziwazi, kwamba nyumba ambayo watu wameamriwa wakae ndani yake usiku na mchana ni lazima iwe inakalika.

Wiki 9 za kungoja

Hata hivyo, mjadala kuhusu dharura ulificha jambo jingine, nalo ni pesa. Fundi anaweza kukataa kazi isiyo ya dharura iwapo tu ana namna ya kuishi bila ya kazi hiyo.

Tarehe 20 Machi Waziri wa Fedha Rishi Sunak alitangaza mpango wa kuwalipa walioajiriwa asilimia 80 ya mishahara yao, hadi paundi 2,500 kwa mwezi, endapo waajiri wao hawakuwa na kazi ya kuwapa. Waliojiajiri wenyewe hawakuwamo. Katika sekta ya ujenzi ya Uingereza jambo hilo si dogo, kwa sababu sehemu kubwa ya mafundi hawaajiriwi na mtu: hulipwa kwa kazi, hukatwa kodi juu kwa juu, na siku wasiyofanya kazi hawalipwi.

Msaada wao ulitangazwa tarehe 26 Machi, siku 3 baada ya amri. Nao ulikuwa asilimia 80 ya wastani wa faida ya miaka iliyotangulia, hadi paundi 7,500 kwa miezi 3. Lakini maombi yalifunguliwa tarehe 13 Mei, na malipo ya kwanza yalitarajiwa kufika benki ifikapo tarehe 25 Mei. Kutoka usiku wa hotuba ya Boris Johnson hadi siku hiyo ni wiki 9 kamili. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wapo ambao fimbo hiyo haikuwafikia kabisa. Fundi aliyeanza kujitegemea baada ya Aprili 2019 hakustahili, kwa kuwa hakuwa na hesabu za mwaka uliotakiwa. Aliyeisajili kazi yake kama kampuni ndogo na kujilipa kwa gawio la faida aliweza kudai sehemu ya mshahara wake tu, ambayo kwa kawaida huwa ndogo. Aliyeomba msaada wa kawaida wa serikali alikabiliwa na muda wa wiki 5 kabla ya malipo ya kwanza. Na mhamiaji ambaye viza yake inamzuia kupokea fedha za umma hakuweza hata kuomba msaada huo.

Hapo ndipo neno kuridhia, lililowekwa katika mwongozo wa serikali, linapopungua maana. Mtu mwenye akiba ya miezi 6 akikubali kuingia nyumba yenye mgonjwa, ameridhia. Mtu ambaye kodi ya nyumba yake inadaiwa Ijumaa akikubali kuingia nyumba hiyohiyo, amelazimika. Karatasi haiwezi kuwatofautisha watu hao wawili.

Takwimu za vifo

Gharama ya mambo hayo ilianza kuonekana katika takwimu. Ofisi ya taifa ya takwimu, ONS, ilieleza tarehe 1 Mei 2020 kwamba kati ya Machi 1 na Aprili 17 manispaa ya Newham ilikuwa na kiwango cha juu kabisa cha vifo vya Covid-19 katika England na Wales, vifo 144.3 kwa kila watu 100,000. Brent ilikuwa ya pili, kwa vifo 141.5.

Katika mtaa wa Church End, ulio ndani ya manispaa hiyohiyo ya Brent na wenye wakaazi wengi wenye asili ya Kisomali, watu 36 walifariki katika wimbi la kwanza. Msongamano wa watu majumbani, umaskini na kazi zisizofanyika kwa kompyuta vilitajwa miongoni mwa sababu.

Tarehe 11 Mei ONS ilitoa takwimu kwa mujibu wa kazi. Miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi, kiwango cha jumla kilikuwa vifo 9.9 kwa kila watu 100,000. Kwa wanaume wenye kazi za chini zisizohitaji ujuzi mkubwa, kundi linalowajumuisha vibarua wa ujenzi, kiwango kilikuwa 21.4. Kwa madereva wa teksi kilikuwa 36.4, na kwa walinzi 45.7.

ONS ilitahadharisha kwamba takwimu hizo hazithibitishi kuwa kazi ndiyo iliyosababisha vifo, kwa kuwa watu wanaofanya kazi hizo hutofautiana na wengine kwa mahali wanapoishi, asili na afya. Tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini inarudisha hoja palepale: anayelazimika kwenda kazini mara nyingi ndiye pia anayeishi katika nyumba iliyojaa.

Afrika Mashariki ilijibu vipi?

Swali la Kenton halikuwa la Kenton peke yake. Katika nchi ambazo baadhi ya wakaazi wake walitokea, serikali zilipambana na swali hilohilo na kufikia majibu tofauti.

Kenya ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, iliyoanza tarehe 27 Machi 2020. Mchana mafundi wa jua kali waliweza kufanya kazi. Katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi, kufunga mchana kungekuwa sawa na kufunga jiko la kila nyumba.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Rais Yoweri Museveni alitangaza tarehe 30 Machi kwamba maeneo ya ujenzi yangeweza kuendelea iwapo tu wafanyakazi wangelala hapohapo kwa siku 14 bila ya kurudi makwao. Wakaazi wasiojiweza wa Kampala na Wakiso waligawiwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Mpango wa kulala kazini uliikinga familia ya fundi dhidi ya ugonjwa, lakini uliifaa kazi ya ghorofa kubwa tu. Fundi bomba anayehama nyumba hadi nyumba hana mahali pa kupiga kambi.

Tanzania, chini ya Rais John Magufuli, ilifunga shule lakini ilikataa kuwafungia watu, kwa hoja kwamba wananchi wanapaswa kuendelea kuchapa kazi. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 serikali hiyo iliacha kwa muda mrefu kutoa takwimu za maambukizi, na hivyo gharama ya uamuzi huo haikuweza kupimwa kama ilivyopimwa Brent.

Njia hizo zina jambo moja zinalofanana. Kila serikali iliyoamua kuhusu kazi ilikuwa pia ikiamua nani atabeba gharama ya siku isiyofanyiwa kazi, hata kama haikutamka hivyo. Uganda ilijaribu kwa unga na maharage, Uingereza kwa hundi iliyochelewa, na Tanzania ikaona ni afadhali siku hiyo isiwepo.

Somo lililobaki

Amri ya tatu ya kubaki majumbani ilipotangazwa England tarehe 4 Januari 2021, mengi yalikuwa yamebadilika. Mwongozo wa kufanya kazi kwa usalama katika nyumba za watu ulikuwapo tangu Mei 2020: kupiga simu kwanza kuuliza kama kuna mgonjwa, kufungua madirisha, wenye nyumba kukaa chumba kingine, na kunawa mikono wakati wa kuingia na kutoka. Mafundi walitajwa waziwazi miongoni mwa walioruhusiwa, na ruzuku ya waliojiajiri ilikuwa imeshazoeleka. Lakini chanjo zilipoanza kutolewa, foleni ilipangwa zaidi kwa umri na afya, na wanaoingia nyumba za watu kwa kazi kama hizo hawakupewa nafasi yao.

Tume ya uchunguzi kuhusu Covid-19 inayoongozwa na Jaji Heather Hallett, katika ripoti yake ya Novemba 2025, ilisema hatua za serikali zilikuwa haba na zilichelewa. Ilitaja makadirio kwamba amri ya Machi 2020 ingetangulia kwa wiki moja, vifo vya wimbi la kwanza England vingepungua kwa takriban 23,000.

Kwa fundi wa Kenton, kuchelewa kulikuwa kwa aina mbili: amri ilikuja baada ya Northwick Park kujaa, na pesa za kumwezesha kuitii zikaja baada ya wiki 9. Katikati ya kuchelewa huko alisimama mlangoni na begi lake la vifaa, akimuuliza mteja kama kuna anayekohoa ndani.

Huenda kosa lilikuwa katika namna swali lilivyoulizwa. Kuorodhesha kazi za lazima na zisizo za lazima ni kazi isiyokwisha, kwani bomba moja huwa jambo dogo leo na balaa kesho. Fundi anayejua kwamba siku yake ya kukaa nyumbani imelipiwa anaweza mwenyewe kupima kazi ipi ingoje na ipi isingoje, na kuna uwezekano mkubwa kwamba atapima vyema kuliko orodha yoyote ya wizara. Asiyejua hivyo atakwenda tu, kwa kila kazi atakayoitiwa, na hakuna mwongozo utakaomzuia.